Kiyoyozi Ukutani: Ubaridi wa Nyumba na Amana ya Uhai

Joto la Kaskazi halihitaji kuelezwa kwa mkaazi wa pwani. Kuanzia Disemba hadi Machi unyevu hujaa hewani, na kuta zilizomeza jua mchana kutwa huurudisha moto wake usiku, wakati mtoto mchanga, mzazi na mgonjwa wanapotafuta usingizi. Miaka hii Mwezi Mtukufu wa Ramadhani umekuwa ukituangukia ndani ya majira hayo hayo, na si ajabu basi kwamba nyumba nyingi, ambazo zamani zilitosheka na feni ya darini, sasa zimetundika kiyoyozi ukutani.

Ni neema, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwayo. Lakini neema hii huingia nyumbani kwa njia ya umeme, na umeme hauna mzaha. Mara nyingi familia hujinyima kwa miezi kadhaa ili inunue chombo kizuri, kisha ikatafuta wepesi mahali pasipostahiki wepesi, yaani katika kukiunganisha. Fundi wa kwanza anayepatikana huitwa, waya uliobaki kwenye kazi nyingine hutumiwa, na plagi huchomekwa kwenye soketi iliyo karibu. Kiyoyozi huwaka, chumba hupoa, na kila mtu huridhika. Hatari iliyofichwa nyuma ya lipu haionekani siku hiyo.

Tumeiandika makala hii kwa ajili ya wenye nyumba, na hasa akina mama na akina dada, kwa sababu wao ndio wanaokuwapo nyumbani kazi inapofanywa, na wao ndio wanaolala na watoto chini ya chombo hicho. Hatukusudii kumgeuza mtu yeyote kuwa fundi. Tunakusudia kila mwenye nyumba ajue la kuuliza, la kutazama, na wakati wa kusema, "Hapana, kazi hii isimame kwanza."

Kiyoyozi si feni

Feni ya darini hutumia takribani wati 60 hadi 75. Kiyoyozi kidogo cha nyumbani, kile kinachouzwa kwa jina la BTU 12,000, hutumia takribani wati 1,100 hadi 1,200 kinapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Hiyo ni sawa na feni zaidi ya kumi na tano zikizunguka kwa pamoja. Kwa umeme wetu wa Kenya wa volti 240, mkondo wake ni kama ampea 5. Kile cha BTU 24,000 hukaribia mara mbili ya hapo.

Msomaji atauliza: mbona birika la umeme hutumia wati 2,000 na zaidi, na soketi yake haiungui? Jibu liko katika muda. Birika huchemsha maji kwa dakika chache kisha likazima. Kiyoyozi hukesha. Waya mwembamba, au skurubu iliyolegea, hupata joto kidogo kidogo saa baada ya saa, na joto hilo halina nafasi ya kupoa. Tena joto la waya haliongezeki kwa ulinganifu wa kawaida: mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo maana soketi ya zamani, ambayo imepokea pasi na birika kwa miaka mingi bila lawama, yaweza kugeuka rangi ya kahawia na kutoa harufu baada ya usiku chache za kiyoyozi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kiyoyozi kiwe na njia yake pekee. Waya wake utoke moja kwa moja kwenye kisanduku cha breka, ufike kwenye swichi yake ukutani, usishirikiane na jokofu, taa wala soketi za chumba. Na ekstensheni isitumike kabisa, hata kwa siku mbili za kungoja fundi arudi.

Unene wa waya na ukubwa wa breka

Mafundi hupima waya kwa milimita za mraba za shaba iliyo ndani. Kwa kiyoyozi cha BTU 9,000 au 12,000, waya wa milimita 2.5 ndio unaotumika kwa kawaida. Kwa vyombo vikubwa, au pale safari ya waya ni ndefu, hutumika wa milimita 4. Waya wa milimita 1.5, ambao ndio wa taa, si wa kazi hii. Kitabu kinachokuja na kiyoyozi hutaja unene wa waya na ukubwa wa breka unaofaa. Kitabu hicho kisitupwe pamoja na karatasi za boksi. Fundi akabidhiwe akisome kabla hajatoboa ukuta.

Hapa pana kosa ambalo tungependa kila nyumba ilifahamu. Breka imewekwa ili ilinde waya. Waya ukipitisha mkondo kuliko uwezo wake, breka hujikata kabla waya haujaungua. Sasa hutokea breka ikawa inajikata mara kwa mara kiyoyozi kinapowaka. Fundi asiyejali huja, akaitoa breka ya ampea 16, akaweka ya ampea 32, na tatizo likaonekana limekwisha. Halikwisha. Mlinzi ameondolewa mlangoni, na waya ule ule mwembamba sasa umeruhusiwa kupitisha mkondo utakaouchoma ndani ya ukuta bila breka kushtuka. Breka kubwa zaidi haiwekwi mpaka waya wenyewe uwe umebadilishwa kwa mnene zaidi, na kabla ya hayo yote itafutwe sababu ya kujikata kwake.

Breka hulinda waya, RCD humlinda mtu

Watu wengi hudhani kwamba breka ikiwapo, basi hakuna atakayerushwa na umeme. Sivyo. Mkondo unaotosha kuusimamisha moyo wa binadamu ni mdogo mno kuliko ule unaoikata breka. Mtu aweza kushikwa na umeme mpaka akafariki, na breka isijue kwamba pana jambo.

Kazi ya kumlinda mtu ni ya kifaa kingine, ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake tatu, RCD. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Vikitofautiana, maana yake umeme unavuja mahali, huenda kupitia mwili wa mtu, nacho hukata njia yote kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili. Kwa nyumba, kinachofaa ni cha miliampea 30. Juu yake pana kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu: umeme ukikatika, kifaa ki hai, usipokatika, fundi aitwe. Ni dakika moja ya kazi, na yeyote mzima wa nyumba aweza kuifanya.

Waya wa ardhi

Ndani ya kebo mna nyaya tatu. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, wa kurudisha ni mweusi, na wa ardhi ni wa kijani. Katika nyaya za sasa wa moto ni wa kahawia, wa kurudisha ni wa buluu, na wa ardhi una mistari ya kijani na manjano. Nyumba nyingi zetu zina rangi za zamani ukutani na za sasa kwenye chombo, kwa hiyo fundi asitegemee macho peke yake; apime kila waya kabla ya kuunga.

Huu wa ardhi ndio unaodharauliwa kuliko zote, kwa sababu kiyoyozi huwaka vizuri bila ya huo. Fundi huukata, akaukunja, akauficha. Lakini mwili wa kile chombo cha nje ni bati. Siku waya wa moto utakapochunika na kugusa bati hilo, waya wa ardhi ndio wenye kuupeleka umeme chini na kusababisha breka au RCD ijikate. Usipokuwapo, bati lote huwa na umeme, likimngoja mtoto aliyefuata mpira wake, au mama anayeanika nguo akiwa na mikono yenye maji.

Pana mbinu nyingine mbaya zaidi: fundi asiyeona waya wa ardhi ukutani huufunga ule wa kiyoyozi pamoja na waya wa kurudisha. Chombo hufanya kazi, lakini waya huo wa kurudisha ukikatika popote nyuma yake, bati hupata umeme kamili. Jambo hili lisikubaliwe kwa hali yoyote.

Ardhi yetu ya pwani nayo ina tabia yake. Mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe haupitishi umeme vizuri, hasa katika miezi ya jua kali. Fimbo ya shaba iliyopigwa chini miaka ishirini iliyopita huenda imeliwa na chumvi, au clipu yake imeoza. Kwa hivyo muulizeni fundi: "Umeipima ardhi ya nyumba hii kwa mashine?" Jibu la "ipo, nimeiona" halitoshi. Na kwa sababu hiyo hiyo ya udongo wetu, RCD kwetu si pambo bali ni lazima.

Kati ya chombo cha ndani na cha nje

Kiyoyozi cha aina hii kina vipande viwili: kile cha ukutani ndani, na kile kizito cha nje chenye kompresa na feni. Kati yao hupita mabomba ya shaba ya gesi, mpira wa kutolea maji, na kebo. Baadhi ya viyoyozi hupokea umeme kupitia chombo cha ndani, vingine kupitia cha nje. Mchoro wa kuunga hubandikwa chini ya kifuniko, nao ndio wa kufuatwa, wala si mazoea ya kazi iliyopita.

Nyaya za kebo hiyo huungwa kwenye skurubu zenye namba au herufi, na kila namba ya ndani yafaa ikutane na mwenziwe wa nje. Mojawapo ya nyaya hizo, katika viyoyozi vingi vya kisasa, haibebi umeme wa kuendesha chombo bali hubeba mawasiliano baina ya vipande viwili. Ukibadilishwa na waya wa moto, kile kibao cha elektroniki huungua papo hapo, na dhamana ya duka mara nyingi haifiki hapo.

Kebo iwe kipande kimoja kutoka ndani hadi nje, bila kiungo cha utepe katikati ya ukuta. Iwe ya aina inayostahimili jua, au ipitishwe ndani ya bomba la plastiki. Kabla haijaingia kwenye chombo, ipindwe chini kidogo, ili maji ya mvua yadondoke kutoka kwenye pindo hilo badala ya kufuata kebo mpaka kwenye viungo. Karibu na chombo cha nje iwekwe swichi ya kuzuia maji, inayokata nyaya zote mbili, wa moto na wa kurudisha, ili atakayekuja kusafisha akate umeme akiwa hapo hapo na kuuona umekatwa.

Skurubu zote zikazwe sawasawa. Hewa ya bahari hula shaba na chuma. Kiungo kilicholegea kidogo leo huota kutu ya kijani kesho, nacho ndicho kiini cha moto mwingi wa umeme.

Nyumba za kale na nyumba za kupanga

Katika Mji wa Kale wa Mombasa na kule Lamu, wengi wetu huishi katika nyumba za mawe ya matumbawe zenye boriti za mikoko darini. Kuta hizo nene ni hazina, lakini nyaya zake mara nyingi ni za zama za taa mbili na redio moja. Kabla ya kiyoyozi kununuliwa katika nyumba ya namna hiyo, yafaa nyaya zikaguliwe kuanzia kwenye mita, kwani kuongeza mzigo mpya juu ya nyaya zilizokauka ni kuweka moto karibu na mbao kavu.

Kwa mpangaji, neno letu ni hili: msiunge kiyoyozi bila ya kumjulisha mwenye nyumba kwa maandishi. Na kwa mwenye nyumba: mpangaji anapokuja na ombi hilo, msimjibu "fanya utakavyo", kisha mkajitoa. Nyaya zilizomo ukutani ni zenu, na wanaolala juu na chini ya chumba hicho wana haki zao. Kuhifadhi nafsi na kuhifadhi mali ni katika makusudio makuu ya sharia yetu, na anayeziachilia nyaya mbovu hali akizijua amewaacha watu katika madhara.

Jirani naye asisahauliwe. Chombo cha nje hutoa joto na mvumo, na mpira wake hudondosha maji. Visielekezwe dirishani mwa mtu, wala maji yasimwagike njiani au juu ya swichi ya nyumba ya chini.

Fundi, sitara na amana

Kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kazi ya kuweka nyaya za umeme ni ya mtu aliyeidhinishwa, na leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta (EPRA). Muombeni fundi awaonyeshe yake. Kufanya hivyo si kumvunjia heshima. Daktari hatuoni ajabu kuwa na cheti ukutani. Tutambue pia kwamba ujuzi wa gesi na mabomba ni mmoja, na ujuzi wa umeme ni mwingine. Yuko fundi hodari wa kujaza gesi ambaye hana idhini ya kugusa kisanduku cha breka. Kazi ikihitaji watu wawili, na waitwe wawili.

Ahadi ya kazi ipangwe siku ambayo mume, kaka au mzee wa nyumba yupo, kwa ajili ya sitara. Majirani wajulishwe mapema kwamba fundi atapanda ngazi au paa, ili wenye ua wajisitiri. Lakini sitara isiwe sababu ya mama wa nyumba kutojua kilichofanywa. Aliyepo aeleze, au fundi mwenyewe aeleze mbele ya wote: breka ya kiyoyozi ni ipi, swichi ya nje iko wapi, waya ni wa milimita ngapi. Yaandikwe, na karatasi ihifadhiwe pamoja na risiti.

Fundi mwenye amana hutambulikana kwa utaratibu wake. Huzima swichi kuu na kuhakikisha hakuna atakayeiwasha. Hupima kwa testa kwamba umeme kweli umekatika. Na akifungua chombo kilichokuwa kikifanya kazi, hungoja dakika kadhaa, kwa kuwa ndani mna kapasita inayohifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Akiharakisha hatua hizo, basi huenda ameharakisha na zile tusizoziona.

Maneno haya twayaelekeza pia kwa kamati za misikiti na madrasa. Kiyoyozi cha waqfu hutolewa na mhisani kwa nia njema, kisha huungwa kwa kujitolea na asiye na ujuzi. Chini yake huketi watoto wa watu. Ujira wa fundi aliyeidhinishwa uhesabiwe kuwa sehemu ya sadaka hiyo, usiachwe nje yake.

Baada ya fundi kuondoka

Usiku wa kwanza, baada ya kiyoyozi kukesha saa mbili, wekeni kiganja kikavu karibu na kifuniko cha swichi yake. Uvuguvugu mdogo si neno. Joto la kuchukiza mkono ni onyo. Harufu ya plastiki, mlio wa kuchekeshachekesha ndani ya swichi, taa zinazofifia kila kompresa inapoanza, au mchomo mdogo mtu anapogusa bati, hizo zote ni sababu ya kuzima breka ya kiyoyozi na kumrudisha fundi. Msingoje asubuhi kwa matumaini.

Umeme ukikatika mtaani, zimeni kiyoyozi, na ukirudi ngojeni dakika tatu au zaidi kabla ya kukiwasha. Kila miezi sita viungo vya nje vikaguliwe kwa sababu ya chumvi. Na anayesafisha vichujio vya ndani azime breka kwanza. Rimoti haikati umeme, humlaza tu kiyoyozi.

Ikitokea, Mungu atuepushe, mtu ameshikwa na umeme, msimguse. Kateni swichi kuu. Ikishindikana, simameni mahali pakavu na mumtenge na waya kwa kijiti kikavu cha mbao au plastiki. Asipopumua, na aanze kukandamizwa kifua huku msaada ukiitwa. Na hata akiinuka akitabasamu, apelekwe hospitali, kwani athari ya umeme kwa moyo yaweza kuchelewa. Ukizuka moto, katani umeme mkiweza, toeni watu, wala msimwagie maji.

Mtume wetu (S.A.W.) aliwausia waja wazime taa zao wanapolala, kwa kuchelea moto usiwateketeze wakiwa usingizini. Taa ile ya mafuta haipo tena katika nyumba zetu nyingi, lakini hekima ya wasia huo imebaki pale pale: usingizi wa familia ulindwe dhidi ya moto kabla ya macho kufumbwa. Tofauti ya gharama kati ya waya unaofaa na usiofaa, breka sahihi na ya kubahatisha, ni ndogo ikilinganishwa na bei ya kiyoyozi chenyewe, na haina kipimo ikilinganishwa na waliolala chini yake.

Wiki hii, kabla ya kutoka sebuleni, itazameni swichi ya kiyoyozi chenu, mfungue kisanduku cha breka, na mbonyeze kile kitufe cha T. Ikiwa kisanduku hakina kitufe hicho, basi mmeshapata la kumuuliza fundi. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na wote waliomo. Amin.